Berlin kwa euro mia: wikiendi ya mwanafunzi mwenye boom dogo

Tangu niliposema kwenye kundi la darasa kwamba nilikuwa Berlin wikiendi, ujumbe unaoingia kwenye simu yangu ni wa aina mbili. Wa kwanza ni "tuma picha". Wa pili ni "hela umetoa wapi?" Picha nimeshatuma. Makala hii ni jibu la swali la pili, kwa faida ya wale waliopata au watakaopata nafasi ya muhula wa kubadilishana Ulaya, na pia kwa faida ya mama yangu mdogo, ambaye anaamini nimeanza kuchezea hela.

Tuwekane sawa kwanza. Simwandikii mtu aliyeko Mlimani anayetaka kupanda ndege Ijumaa na kurudi Jumatatu. Hiyo si wikiendi, hiyo ni harusi, inahitaji kamati na kadi za michango. Ada ya visa ya Schengen peke yake ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari lazima iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, na hapo hujagusa tiketi ya ndege. Namwandikia mtu ambaye tayari yuko huku, anakaa bwenini, na kila tarehe 20 anaanza kula tambi na mayai akisubiri mwezi ugeuke.

Mtu huyo ana utajiri mmoja ambao wengi hawaujui. Ukiwa na kibali cha ukaazi cha Ujerumani, au visa ya muda mrefu ya nchi hiyo, unaruhusiwa kwenda kutembea nchi nyingine za Schengen kwa siku 90 ndani ya kila siku 180 bila kuomba visa nyingine. Prague, Vienna na Warsaw ziko wazi kwako. London na Dublin haziko, zile zina visa zake. Namjua mwenzetu aliyenunua tiketi ya ndege ya kwenda London kwa bei ya msosi wa siku tatu, akajisifia kwa watu wote wa ghorofa yake, halafu usiku wa kuamkia safari ndiyo akasoma masharti. Tiketi ya bei hiyo hairudishwi.

Mimi niko Leipzig, mji ulio kusini-magharibi mwa Berlin, wenye chuo kikuu ambacho Kiswahili kinafundishwa darasani. Treni ya kasi kutoka hapa hadi Berlin huchukua saa moja na robo hivi. Sikuipanda. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza niwasimulie euro 60 zangu.

Ilikuwa wiki yangu ya pili huku, kabla tiketi yangu ya chuo haijaanza kutumika. Katika mji ambao sitautaja nilinunua tiketi ya karatasi kwenye mashine, nikaitia mfukoni kwa heshima zote, nikapanda tramu, nikakaa. Kumbe tiketi ya namna ile inatakiwa kugongwa muhuri kwenye kimashine kidogo kabla ya kuanza safari. Sisi tumezoea kondakta anayekugusa bega na kuchezesha sarafu mkononi, au geti la mwendokasi linalokataa kufunguka. Huku hakuna geti wala kondakta. Kuna ukimya tu, hadi siku watu wawili waliovaa nguo za kawaida wanaposimama katikati ya behewa na kutoa vitambulisho. Nilijieleza kwa Kijerumani cha wiki mbili. Faini ni euro 60, nchi nzima, na haina "nisamehe, mimi mgeni". Kwa hela yetu ni zaidi ya laki na nusu, na ndiyo iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya michango ya shule ya mdogo wangu. Nilimtumia wiki tatu baadaye. Sikumwambia sababu.

Kutoka siku ile nimeelewa hela ya mwanafunzi inapopotelea. Haipotelei kwenye mambo makubwa, kwa sababu mambo makubwa tunayaogopa na tunayapigia hesabu. Inapotelea kwenye vitu vidogo ambavyo mwenyeji anavijua tangu utoto na hakuna anayekumbuka kukuambia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya makala hii ni vitu vidogo.

Tuanze na usafiri. Ujerumani kuna tiketi ya mwezi iitwayo Deutschlandticket. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, ikapanda hadi 58 Januari 2025, na 63 Januari 2026. Vyuo vingi vimeiingiza kwenye malipo ya muhula kwa bei pungufu ya wanafunzi, kwa hiyo huenda umeshailipia bila hata kujua. Ukiwa nayo unapanda mabasi ya mjini, tramu, treni za chini ya ardhi na treni zote za mikoa, nchi nzima. Usichoweza kupanda ni treni za kasi za masafa marefu, zile zenye herufi ICE au IC ubavuni, wala mabasi ya masafa marefu. Ukipanda huko nayo umepanda bila tiketi, na stori ya faini umeshaisikia.

Basi mimi nilitoka Leipzig Ijumaa saa tisa alasiri kwa treni ya mji hadi Lutherstadt Wittenberg, nikabadilisha, nikachukua treni ya mkoa hadi Berlin. Ukijumlisha na kusubiri, ni karibu saa tatu badala ya saa moja na robo. Nauli ya ziada: sifuri. Hapo Wittenberg ndipo Martin Luther alipotoa hoja zake 95 mwaka 1517, na kama umekulia kwenye kwaya ya KKKT kama mimi, utashangaa kuona jina ulilolisikia kila mwezi wa kumi limeandikwa kwenye bango la stesheni juu ya kopo la takataka. Nilipiga picha ya bango, nikala andazi langu. Treni ikaja.

Jambo moja kuhusu treni. Beba pasipoti na kadi ya ukaazi, zenyewe, siyo picha yake kwenye simu. Kabla ya kufika Berlin askari wawili walipita kwenye behewa letu. Waliniomba kitambulisho mimi na kijana mwingine mweusi aliyekaa viti vitatu mbele. Abiria wengine waliendelea kusoma. Haikuchukua dakika mbili, na walisema asante, lakini mkono wangu ulitetemeka nikitafuta kadi, na yule kijana aligeuka tukatazamana tu. Sina ushauri wa kumpa mtu juu ya hilo zaidi ya kuwa na karatasi zako karibu. Nimeliweka hapa kwa sababu kwenye makala za utalii huwa halimo.

Ukija kwa ndege hesabu zinabadilika kidogo. Uwanja wa Berlin, uliofunguliwa Oktoba 2020, uko nje ya mji katika ukanda C, wakati tiketi ya kawaida ya mjini ni ya ukanda A na B. Mgeni ananunua AB kwa sababu ni ya bei ndogo, na wakaguzi wanalijua hilo vizuri sana. Mwenye Deutschlandticket hana haja ya kuwaza. Asiye nayo ajue kwamba safari moja ya mjini inakaribia euro 4 na tiketi ya saa 24 inazidi 10, kwa hiyo kama atapanda mara tatu kwa siku, hiyo ya saa 24 ndiyo ya kuchukua.

Sasa tarehe. Kitanda kilekile katika chumba kilekile hubadilika bei kuliko nyanya za Kariakoo. Berlin ina wikiendi za kuziepuka: tamasha la filamu la Februari, maonyesho ya utalii ya Machi (yale ambayo hata wadau wetu wa utalii huwa wanakwenda), marathoni ya Septemba. Mimi nilichagua katikati ya Novemba, wakati ambao hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka kwenda. Ubaya wake ni kwamba jua linazama kama saa kumi na dakika kumi alasiri, na baridi inaingia mpaka kwenye fizi. Uzuri wake ni bei.

Nilipata kitanda cha juu katika chumba cha watu wanane kwa euro 21 usiku mmoja, nikiwa nimeweka nafasi wiki nne kabla. Hapa pia kuna vidogo vyake. Mji wa Berlin unatoza kodi ya malazi, asilimia 7.5 tangu Januari 2025, na mara nyingine bei unayoiona kwenye simu haijaihesabu. Baadhi ya hosteli zinakodisha taulo na kufuli, kwa hiyo beba vya kwako. Kufuli lile la bwenini linatosha. Soma kama shuka zimo kwenye bei. Na kabla ya yote, angalia kama kuna jiko la wageni. Hosteli yenye jiko iliyo pungufu kidogo kwa uzuri ni bora kuliko ile yenye disko chini, kwa sababu jiko ndilo litakalookoa euro 20 zako na disko ndilo litakalozila.

Nilichukua hosteli upande wa Wedding, siyo katikati ya mji. Sababu ni bei, lakini kuna sababu nyingine, na hapa ndipo niwaambie nilikuwa naenda kufanya nini.

Kwetu ni Lindi. Kila Mtanzania amesikia habari za mjusi wa Tendaguru, yule ambaye kila baada ya muda mbunge anasimama Dodoma kuuliza atarudishwa lini. Sisi wa Lindi tumezisikia nyumbani kabla ya kuzisikia redioni. Bibi yangu alikuwa akisema mababu walibebeshwa mifupa ya jitu hadi pwani, na tulidhani ni hadithi za jioni. Nilipofika Leipzig na kuona kwenye ramani kwamba mjusi mwenyewe yuko saa tatu za treni ambayo nimeshailipia, nilijua nitakwenda wapi kwanza. Na hilo, nadhani, ndilo lililofanya wikiendi yangu iwe ya bei ndogo. Watu wanaoenda mji mkuu "kuona kila kitu" wanalipa kila kitu: kupanda mnara euro kadhaa, boti euro kadhaa, makumbusho matano ambayo hawatayakumbuka. Mimi nilikuwa na kitu kimoja cha kuona na kila kingine kilikuwa nyongeza.

Kisha nikafanya kitu kingine ambacho nakipendekeza kwa mji wowote. Nilichukua ramani ya treni za chini ya ardhi, nikatafuta kituo cha pale ninapotaka kwenda, nikaangalia mstari uleule unapita wapi kwingine. Makumbusho ya Mambo ya Asili yana kituo chake kabisa kwenye mstari wa U6. Nikaufuata ule mstari kwa kidole, kama mtu anayesoma vituo vya Mbagala hadi Gerezani. Kaskazini unafika Wedding, ambako vitanda si ghali na kuna kituo kinaitwa Afrikanische Straße. Katikati unapita Friedrichstraße na Unter den Linden. Kusini unapita pembeni mwa Tempelhof, uwanja wa ndege wa zamani ambao sasa ni bustani. Wikiendi nzima ikakaa kwenye mstari mmoja. Usipopotea hovyo huchoki hovyo, na usipochoka hovyo huingii kwenye mgahawa wa kwanza unaouona kwa sababu miguu imekataa.

Ijumaa usiku nilipanda kuba ya kioo ya jengo la Bunge, Reichstag. Ni bure. Kuba hiyo ilichorwa na Norman Foster na kufunguliwa 1999, na kutoka juu unaona mji wote ukiwa umewaka taa. Ila lazima ujiandikishe mapema kwenye tovuti ya Bunge lao na ufike na pasipoti. Wanaokuja mlangoni wakidhani wataingia tu huwa wanapoteza jioni kwenye foleni au wanarudi walikotoka. Mimi nilijiandikisha wiki mbili kabla, saa mbili usiku. Baada ya hapo nilinunua döner, ule mkate wa Kituruki uliojazwa nyama na kabichi, kwa euro 7. Unashibisha hadi asubuhi.

Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mjusi. Kwa kitambulisho cha mwanafunzi nililipa euro 5, na tiketi niliikata kwenye intaneti usiku uliotangulia, kwa sababu Jumamosi familia zote za Berlin zenye watoto hukutana pale.

Huhitaji kumtafuta. Unaingia ukumbi wa kwanza na yuko mbele yako, mita 13.27 kwenda juu. Jina lake la kitaalamu ni Giraffatitan brancai, zamani akiitwa Brachiosaurus, na umri wake ni miaka milioni 150 hivi. Walimchimba kati ya 1909 na 1913, Tendaguru, kama kilomita 60 kutoka Lindi mjini, msafara ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Mifupa yote iliyotolewa pale ilizidi tani 200. Tani hizo hazikusafiri kwa lori. Zilibebwa na watu kwa miguu, siku nne hivi hadi bandari ya Lindi, mzigo baada ya mzigo, miaka minne. Hesabu miaka: Vita vya Maji Maji viliisha 1907, vikiacha kusini nzima na njaa. Waliobeba ni watu waliokuwa wametoka kwenye njaa hiyo jana tu.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Sikuwahi kufundishwa jina hilo shuleni. Mwaka 2007 mjusi mwingine wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake, takriban miaka mia moja baada ya kazi yenyewe.

Nilikaa pale saa mbili na nusu. Watoto wa shule walikuwa wakipiga kelele kwa Kijerumani na baba mmoja alimwambia mwanawe kwa sauti, "kutoka Afrika". Nilitaka kumwambia, kutoka Lindi, mzee. Sikusema. Nilikaa kwenye benchi, nikapiga simu ya video nyumbani, nikaizungushia kamera kuanzia miguu hadi kichwa. Bibi hayupo tena, amefariki miaka mitatu iliyopita. Aliyeshika simu alikuwa mama mdogo, na kwa mara ya kwanza tangu nije huku hakuniuliza habari ya hela.

Kutoka pale nilitembea hadi Bernauer Straße, kama robo saa kwa miguu, kuona kipande cha Ukuta wa Berlin uliojengwa Agosti 1961 na kuanguka Novemba 9, 1989. Ni bure na ni pa wazi. Nilikula mikate yangu niliyoifunga asubuhi, nikapasha vidole, nikarudi kwenye U6 kwenda kaskazini kabla giza halijaingia.

Mtaa wa Afrika, kama unavyojulikana, hauna vivutio vya kupigia picha. Ni maghorofa ya watu wa kawaida, magari yameegeshwa, mama anavuta kigari cha soko. Ila soma vibao: Sansibarstraße, Usambarastraße, Ugandastraße. Majina hayo yalianza kuwekwa wakati Ujerumani ikiwa na makoloni, na mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck alikuwa na mpango wa kujenga hapo bustani ya kuonyesha wanyama na watu wa makoloni, hadi Vita vya Kwanza vilipouzima. Mwaka 1939 barabara moja ikapewa jina la Carl Peters, yule ambaye vitabu vyetu vya historia vya kidato cha pili vinamjua vizuri. Mwaka 1986 mji ulisema jina libaki vilevile ila sasa linamaanisha Peters mwingine, Hans, jambo ambalo hata ofisa wa kijiji chetu angeona haya kulifanya. Wakazi na vikundi vya Waafrika waliendelea kudai. Agosti 23, 2024 vibao vipya vikafunuliwa: sehemu moja ya barabara sasa ni Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mwanamke wa Namibia aliyeuawa Windhoek 1959, na sehemu nyingine ni Maji-Maji-Allee.

Nilisimama chini ya kibao hicho jua likizama. Neno "maji" kwenye kibao cha barabara Berlin, limeandikwa sawasawa, bila hata kosa la herufi. Mzee mmoja aliyekuwa na mbwa aliniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, nasoma. Gharama ya mchana wote: hakuna.

Sasa chakula, kwa sababu Jumamosi jioni ndiyo saa ya hatari. Jumapili maduka Ujerumani hufungwa. Siyo mengine hufungwa, karibu yote. Mtu asiyejua anaamka Jumapili na njaa na anajikuta anakula mgahawani mchana na jioni, euro 30 zimekwenda. Nunua Jumamosi kabla ya usiku. Ukisahau kabisa, supamaketi zilizo ndani ya stesheni kuu huwa wazi, ila foleni yake utadhani ni siku ya kusaini boom. Mimi nilinunua tambi, nyanya, vitunguu, mayai, ndizi na mkate kwa euro 9.50, nikapika kwenye jiko la hosteli. Mvulana kutoka Ureno alinipa mafuta, mimi nikampa pilipili ya kutoka nyumbani. Alilia machozi, akaomba tena.

Maji ya bomba ni salama kunywa, beba chupa yako. Ukinunua chupa ya plastiki kuna amana ya senti 25 ndani ya bei. Usitupe chupa, irudishe kwenye mashine ya supamaketi upewe hela yako. Choo cha stesheni ni kama euro 1, cha makumbusho umeshakilipia, kwa hiyo panga mambo yako. Na tembea na fedha taslimu kidogo, maana mji huu wa kisasa una wauza döner wengi wasiotaka kabisa kusikia habari za kadi.

Jumapili asubuhi nilishuka Unter den Linden nikatembea hadi Wilhelmstraße 92. Hapo ndipo palikuwa na makazi ya Bismarck ambamo Mkutano wa Berlin ulikaa kuanzia Novemba 15, 1884 hadi Februari 26, 1885. Nyumba yenyewe haipo. Kuna maghorofa ya kupanga na bango la kumbukumbu pembeni mwa njia. Siku moja baada ya mkutano kufungwa, Februari 27, Kaiser alitoa hati ya ulinzi kwa maeneo ambayo Carl Peters alidai amepewa na machifu wa Usagara na majirani zao, na hivyo ndivyo safari yetu na Wajerumani ilivyoanza. Kwa ukubwa wa jambo nilitegemea kitu kikubwa zaidi. Nilikaa dakika kumi, nikaenda kwenye Ukumbusho wa Wayahudi waliouawa, nguzo 2,711 za zege ambazo unatembea katikati yake bila kiingilio, uko jirani tu. Sitaandika mengi juu ya pale. Nenda mwenyewe, na zima muziki.

Tempelhof nilipita kwa saa moja tu. Ni uwanja wa ndege uliofungwa 2008 na kufunguliwa kama bustani 2010, zaidi ya hekta 300, na watu wanaendesha baiskeli kwenye njia ya kurukia ndege. Kiangazi lazima pazuri. Novemba upepo wake ulinitoa mbio.

Hesabu kamili, kwa ajili ya mama mdogo. Malazi usiku mbili pamoja na kodi, euro 45.15. Makumbusho, 5. Mahitaji niliyonunua Leipzig kabla ya kutoka, 11. Döner ya Ijumaa, 7. Supamaketi ya Jumamosi, 9.50. Chipsi na soseji Jumapili mchana, 5. Vyoo viwili na kadi moja ya posta yenye picha ya mjusi, 3. Jumla 85.65. Nilitoka na mia, nikarudi na 14.35.

Kadi ya posta nimemtumia mdogo wangu, yule wa michango ya shule. Stempu nililipa Leipzig kwa hela ya wiki iliyofuata, kwa hiyo haimo kwenye hesabu.